Spirulina na Saratani: Mwongozo kwa Anayefikiria Kuitumia

Spirulina ni unga wa kijani kilichokolea unaotokana na viumbe wadogo wa majini waliojipinda kama springi. Kitaalamu huitwa Arthrospira, na kwa mazoea huhesabiwa miongoni mwa mwani wa bluu-kijani, ingawa kimaumbile ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Huvunwa, hukaushwa na kusagwa, kisha huuzwa kama unga, vidonge au kapsuli, kuanzia maduka ya dawa hadi kwenye makundi ya WhatsApp. Sifa zinazotangazwa hufanana kila mahali: inaua seli za saratani, inaongeza damu, inasafisha mwili.

Wagonjwa na ndugu zao huuliza mambo matatu yale yale. Je, inatibu saratani? Inywewe kiasi gani? Ina madhara? La kwanza jibu lake ni hapana. Mengine mawili hutegemea sana maji ilikotoka na hali ya anayeinywa, na ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Isichanganywe na nini

Madukani vitu vitano tofauti huitwa "mwani" bila kutofautishwa. Mnunuzi aanze kwa kujua kipi ni kipi.

- Spirulina yenyewe, yaani Arthrospira platensis na jamaa zake. Hustawi kwenye maji ya magadi, na inayouzwa kwa wingi hulimwa kwenye mabwawa maalumu.
- Mwani wa ziwa Upper Klamath, jimbo la Oregon, Marekani. Jina lake la kisayansi ni Aphanizomenon flos-aquae. Huu haulimwi, huvunwa ziwani moja kwa moja, na matatizo yake yataelezwa mbele.
- Klorela. Ni mwani wa kijani halisi, hauna undugu wa karibu na spirulina.
- Mwani wa baharini unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Ni zao jingine kabisa, na utafiti wa spirulina hauuhusu.
- Utando wa kijani unaoelea Ziwa Victoria, hasa ghuba za Kisumu na Mwanza. Huu hauliki. Mara nyingi ndani yake mna Microcystis, kiumbe anayetengeneza sumu ya ini.

Ni chakula cha zamani

Wakanembu wanaoishi kando ya Ziwa Chad wameila spirulina kwa vizazi vingi. Wanawake huchota maji mazito ya kijani kwenye madimbwi ya magadi, huyamimina juu ya mchanga ili maji yachujike, na utando unaobaki hukaushwa juani na kukatwa vipande. Vipande hivyo huitwa dihé. Huvunjwavunjwa ndani ya mchuzi wenye nyanya, pilipili na samaki au nyama, ukaliwa na ugali wa uwele. Waazteki wa Meksiko nao walivuna kiumbe wa jamaa hiyo katika ziwa Texcoco kabla ya Wahispania kufika. Kwa watu wote hao kilikuwa kitoweo. Madai ya kutibu saratani yamekuja na biashara ya vidonge.

Ushahidi kuhusu saratani, hatua kwa hatua

Matangazo mengi hayasemi uongo wa moja kwa moja. Huchukua matokeo ya hatua ya kwanza ya utafiti na kuyauza kama ya hatua ya mwisho. Kwa hiyo inafaa kuzitazama hatua hizo moja baada ya nyingine.

*Kwenye maabara.* Spirulina ina rangi ya buluu iitwayo faikosianini. Watafiti wameimwaga juu ya seli za saratani zilizooteshwa kwenye vyombo vya maabara, zikiwemo za saratani ya mlango wa kizazi na ya damu, na seli hizo zikapungua au kufa. Hayo ni kweli. Lakini chomboni seli huogeshwa kwa rangi hiyo bila kizuizi. Mdomoni mambo ni mengine, kwani faikosianini ni protini, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya protini ya yai. Aidha, vitu vinavyoua seli za saratani chomboni ni vingi mno, na vinavyofika kuwa dawa ni vichache sana.

*Kwa wanyama.* Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwapaka hamsta kemikali inayoleta saratani ndani ya mashavu, kisha wakawapa mchanganyiko wa spirulina na mwani mwingine uitwao Dunaliella. Uvimbe ulipungua. Matokeo hayo yalitosha kuhalalisha jaribio kwa binadamu, hayakutosha kuandikiwa cheti cha daktari.

*Kwa watu.* Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa zaidi. Jaribio linalotajwa kila mara lilifanyika Kerala, kusini mwa India, na kuchapishwa mwaka 1995. Walioshiriki walikuwa watafunaji wa tambuu yenye tumbaku waliokuwa na mabaka meupe mdomoni, hali iitwayo lukoplakia. Mabaka hayo si saratani, ila baadhi hugeuka kuwa saratani baada ya muda. Kundi moja lilipewa gramu 1 ya spirulina kwa siku kwa miezi 12, lingine likapewa kidonge kisicho na kitu. Mabaka yalitoweka kabisa kwa watu 20 kati ya 44 waliopewa spirulina, na kwa watu 3 tu kati ya 43 wa kundi la pili.

Tofauti hiyo si ndogo. Msambazaji wa vidonge akiitaja, hakosei. Anachokiacha ni haya:

- Waliochunguzwa hawakuwa na saratani. Jaribio halisemi lolote kuhusu uvimbe wa titi, tezi dume, koo au mlango wa kizazi.
- Ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha spirulina, mabaka yalirudi kwa watu 9 kati ya wale 20.
- Watu wasiozidi mia moja ni wachache mno kwa kuweka kanuni ya matibabu.
- Kilichopimwa ni mabaka. Idadi ya watakaopata saratani na watakaonusurika haikupimwa.

Kwa watafunaji wa tambuu wa Unguja, Mombasa na pwani yote, na kwa watumiaji wa ugoro na kuberi, jaribio hili linagusa nyumbani. Lisomwe hivi: baka jeupe au jekundu lisilofutika mdomoni, au kidonda kilichopitisha wiki mbili hadi tatu, kioneshwe kwa daktari wa kinywa na meno, na ikibidi kikatwe kipande kipimwe. Tumbaku iachwe. Anayeendelea kutafuna huku akimeza spirulina anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Hakuna jaribio kubwa kwa binadamu lililoonesha kwamba spirulina huponya saratani, huizuia isisambae au huongeza miaka ya kuishi ya mwenye saratani.

Pingamizi zinazosikika mara kwa mara

*"Mbona dawa za hospitali nazo hutoka kwenye viumbe kama hivi?"* Ni kweli, na mfano mzuri upo. Kutoka kwa konokono-bahari wa Bahari ya Hindi asiye na gamba la nje, Dolabella auricularia, wanasayansi walipata kemikali kali iitwayo dolastatini 10. Baadaye ikagundulika kwamba watengenezaji halisi ni sianobakteria wa baharini ambao mnyama huyo huwala. Kemikali iliyoigwa kwa kufuata umbo lake imo ndani ya brentuximab vedotin, dawa ya limfoma ya Hodgkin iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Lakini kemikali hiyo ni sumu kali kiasi kwamba haiwezi kudungwa peke yake. Hufungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi kwenye seli za saratani. Viumbe waliotoa dawa hiyo hawaliwi. Anayekula spirulina akitarajia nguvu hiyo anakula aina nyingine, tena isiyo na kemikali hiyo.

*"Ni ya asili, itadhuru vipi?"* Sumu zinazozungumziwa hapa chini nazo ni za asili.

*"Fulani alitumia akapona."* Aulizwe pia kama alifanyiwa upasuaji, kama alipata mionzi au tibakemia, na kama ugonjwa ulithibitishwa kwa kipimo cha kipande cha nyama. Mara nyingi ushuhuda huhesabu kidonge cha mwisho na kusahau matibabu yaliyotangulia.

*"Madaktari hawaitaji kwa sababu haiwapi faida."* Spirulina yenyewe ni biashara kubwa, na anayeisukuma kwa mgonjwa mara nyingi ndiye anayepata kamisheni.

Faida zenye ushahidi wa wastani

Ukiondoa saratani, yapo mambo ambayo majaribio madogo kwa watu yameonesha, hasa kwa kiasi cha gramu 1 hadi 8 kwa siku kwa wiki au miezi kadhaa:

- Lehemu mbaya kwenye damu hushuka kidogo.
- Presha ya juu hushuka kidogo kwa baadhi ya watu.
- Chafya na kutiririka kamasi kwa mzio hupungua kwa baadhi.
- Watoto na watu wazima wenye utapiamlo, wakiwemo wanaoishi na VVU, huongezeka uzito inapoongezwa kwenye mlo. Majaribio ya aina hiyo yamefanyika Burkina Faso na Kamerun.

Neno "kidogo" hapo lina uzito wake. Hakuna kati ya haya linalotosha kumwachisha mtu dawa ya presha, ya kisukari au ARV.

Kuhusu lishe, tarakimu hupotosha zikisomwa harakaharaka. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa unga mkavu ni protini. Lakini hakuna anayekula sahani ya spirulina. Kijiko kimoja kikubwa, yaani gramu 7 hivi, hutoa protini gramu 4, pungufu ya yai moja. Dagaa wakavu nao wana protini nyingi kwa uzito wao, huliwa kwa wingi zaidi, na bei yao inajulikana sokoni.

Kwa "kuongeza damu", kijiko hicho hutoa madini ya chuma takriban miligramu 2. Kidonge cha chuma cha kliniki ya wajawazito kwa kawaida huwa na miligramu 60. Mgonjwa aliyepungukiwa damu kwa sababu ya saratani au matibabu yake anahitaji kwanza kujua chanzo: anavuja damu mahali fulani, uboho umedhoofishwa na dawa, au chuma kimepungua? Unga wa kijani haujibu swali hilo.

Kosa jingine linawahusu wasiokula nyama. Spirulina hutangazwa kuwa chanzo cha vitamini B12. Sehemu kubwa ya iliyomo ni aina bandia ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Anayeitegemea anaweza kupungukiwa B12 huku akidhani amejikinga, na upungufu huo huharibu neva.

Hatari kubwa: maji ilikotoka

Spirulina safi haina sifa ya kuwa sumu. Shida huja inapovunwa au kukuzwa pamoja na jamaa zake wabaya. Microcystis na wengine kadhaa hutengeneza mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukausha. Kwenye unga haionekani na hainusiki.

Ukali wake ulionekana Caruaru, Brazili, mwaka 1996. Maji yenye sumu hiyo yalitumika kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya watu 50 walifariki. Pale sumu iliingia moja kwa moja kwenye damu, hivyo si sawa na kumeza kidonge. Kwa anayemeza kidogo kidogo kila siku, hofu ni nyingine: mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mikrosistini-LR katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mtu anayenunua mwani ili ajikinge na saratani anaweza kuwa ananunua kinachoshukiwa kuileta.

Uwezekano huo si wa kubuni. Wataalamu wa Oregon walipopima sampuli 87 za bidhaa za mwani wa bluu-kijani, walikuta mikrosistini katika 85, na 63 kati yake zilizidi kiwango cha jimbo hilo cha mikrogramu 1 kwa kila gramu. Kiini cha tatizo kilikuwa mwani wa ziwani Klamath, ambamo Microcystis huota pamoja na kile kinachovunwa. Spirulina ya bwawani iko salama zaidi, kwa kuwa maji yake ya magadi makali huwazuia wengi wa wageni hao wasiote.

Hata kiwango hicho cha Oregon kinataka hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mtu anaweza kumeza mikrosistini-LR hadi mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maisha yake yote.

- Mtu mzima wa kilo 60: mikrogramu 2.4 kwa siku. Akila gramu 2 za unga ulio kwenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa Oregon, amepata mikrogramu 2. Yuko ukingoni.
- Mtoto wa kilo 15: mikrogramu 0.6 kwa siku. Gramu 1 tu ya unga huohuo imeshamzidia.

Ndiyo maana watoto wasipewe kwa mazoea, hata pale mfungashaji anapoandika "salama kwa familia nzima".

Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nayo huwatia watu tamaa. Nakuru, Bogoria na Natron huwa na Arthrospira kwa wingi, na ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo. Basi kama ndege wanaila, kwa nini watu wasichote? Kwa sababu maji hayo hayana aina moja tu ya viumbe, na mchanganyiko hubadilika kwa msimu. Sumu za sianobakteria zimekutwa Bogoria, na zimehusishwa na vifo vya heroe huko Kenya na Tanzania. Zimekutwa pia katika maziwa ya kreta ya Sonachi na Simbi. Unga wa "ziwani moja kwa moja" usinunuliwe.

Hatari ya pili ni metali nzito: risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki. Mwani huzifyonza kutoka majini na kuzilimbikiza. Ya tatu ni vijidudu kutokana na ukaushaji mchafu.

Wasiopaswa kuitumia, au waitumie kwa ruhusa ya daktari tu

- Wagonjwa wa saratani walio katikati ya tibakemia au mionzi. Virutubisho vyenye nguvu ya kuzuia uoksidishaji huenda vikaingilia matibabu, na chembe nyeupe zikiwa chini, unga usiopikwa unaweza kuingiza vijidudu.
- Wenye ugonjwa wa ini, au ambao ini lao tayari linabeba mzigo wa dawa nyingi.
- Wenye lupasi, baridi yabisi ya kingamwili na magonjwa mengine ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Kuna taarifa za ugonjwa kuamka baada ya kutumia virutubisho vya aina hii.
- Waliopandikizwa kiungo, au wanaotumia dawa za kushusha kinga.
- Wanaotumia warfarin au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.
- Wenye fenilketonuria, kwa kuwa protini yake ina fenilalanini.
- Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo.

Hatua kwa mgonjwa wa saratani

1. Utambuzi ukamilike kwanza. Uvimbe usianze kutibiwa kwa unga wowote kabla ya kipimo. Miezi mitatu ya "kujaribu kwanza" inaweza kuugeuza ugonjwa wa kukatwa ukawa wa kutulizwa tu.
2. Kila kinachotumika kiandikwe kwenye karatasi moja: dawa za hospitali, mitishamba, mlonge, spirulina, chai za majani. Karatasi hiyo iende kliniki, pamoja na kopo au pakiti yenyewe.
3. Daktari au mfamasia aulizwe swali mahsusi. "Naweza kutumia virutubisho?" ni swali pana mno. Linalofaa zaidi ni: "Nataka gramu 2 za spirulina kwa siku, je, inagongana na dawa hizi, na ini langu linaonekanaje kwenye kipimo cha mwisho?"
4. Akikataza wakati wa matibabu, aulizwe muda: ni mpaka mzunguko wa mwisho wa dawa uishe, au daima?
5. Akiruhusu, kipimo cha ini kifanyike kabla ya kuanza na kirudiwe baada ya wiki kadhaa, kwa ratiba atakayoipanga yeye.
6. Fedha zihesabiwe. Familia inayouza mbuzi kununua vidonge huku nauli ya kwenda hospitali ya Ocean Road, Bugando au Kenyatta ikikosekana, ianze na nauli.

Mgonjwa anayeficha anachotumia kwa kuogopa kugombezwa hujiweka pabaya zaidi. Vipimo vya ini vikipanda ghafla, daktari asiyejua habari ya unga anaweza kuilaumu dawa ya saratani na kuipunguza au kuisimamisha, ilhali aliyesababisha yuko kabatini.

Namna ya kununua

Mambo ya kukagua kwenye kifungashio:

- Jina kamili la kiumbe. Liwe Arthrospira au Spirulina platensis. "Mwani wa ajabu" au "superfood" pekee hakutoshi.
- Nchi na mahali ilikolimwa. Maneno "imelimwa bwawani" ni bora kuliko "imevunwa ziwani".
- Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha.
- Alama ya mamlaka ya viwango: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya.
- Viambato vingine. Baadhi huchanganywa na unga wa majani mengine ili kuongeza uzito.

Kisha muuzaji aombwe cheti cha maabara cha namba ileile ya toleo. Kionyeshe mikrosistini, metali nzito nne zilizotajwa na vijidudu. Cheti cha mwaka juzi cha mzigo mwingine si jibu. Muuzaji akianza kuzungumzia wanaanga badala ya kutoa cheti, mnunuzi aondoke. Ni kweli wanaanga huingia kwenye habari hii, kwa kuwa spirulina imefanyiwa utafiti kama chakula cha safari ndefu angani. Hilo halisemi chochote kuhusu kopo lililo mezani.

Maandishi ya "inatibu saratani" kwenye bidhaa ya chakula ni sababu tosha ya kutonunua. Kanuni za Codex haziruhusu chakula kudaiwa kutibu ugonjwa, na anayezivunja hadharani kwenye lebo hana sababu ya kuaminiwa kwenye maji ya bwawa lake.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Chembe kidogo za unga zitiwe ndani ya glasi ya maji ya kawaida, yasiyo moto, ziachwe usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi, unga ulio mzuri huwa umetua chini na maji yaliyo juu yamepata buluu. Glasi ikielekezwa kwenye mwanga mkali, buluu hiyo hutoa mng'ao mwekundu. Hiyo ni faikosianini. Maji yakibaki ya kahawia au kijani hafifu, huenda unga ulikaushwa kwa joto kali, umezeeka au umechanganywa. Ila jaribio hili linaonesha tu kwamba rangi ipo. Kwamba sumu haipo, ni maabara pekee inayoweza kusema.

Namna ya kutumia, kwa aliyeruhusiwa

- Ianze nusu gramu kwa siku, pamoja na chakula, kwa wiki ya kwanza. Kisha gramu 1 hadi 2. Kuzidisha hakujaonesha faida kwenye saratani, na huzidisha hesabu ya sumu iliyoelezwa juu.
- Ipimwe kwa mizani ndogo ya jikoni au ihesabiwe kwa vidonge vyenye gramu zilizoandikwa. Kijiko cha chai cha nyumba moja si sawa na cha nyumba nyingine.
- Ladha yake ni ya majini, karibu na samaki. Hufichika kwenye juisi ya parachichi au embe, uji, au mchuzi wa dagaa.
- Kwa asiyetaka kupoteza rangi ya buluu, unga huingizwa chakula kikishapoa, kwani joto huiharibu. Kwa mwenye kinga dhaifu aliyeruhusiwa na daktari, ni afadhali rangi ipotee, ipikwe.
- Kopo lifungwe barabara, liwekwe mahali pakavu na penye giza. Unga uliopata unyevu na kushikana mabonge utupwe.
- Choo kinaweza kuwa cha kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi. Mwenye vidonda vya tumbo au uvimbe wa utumbo amwambie daktari mapema, kwa sababu choo cheusi ni dalili pia ya kuvuja damu ndani, na rangi hiyo isije ikafunika dalili.

Kulima nyumbani

Video za kufuga spirulina kwenye ndoo au tangi zimewavutia wengi, na kwa kweli inakua upesi: hutaka maji ya magadi yenye pH karibu 10, joto la nyuzi 30 hadi 35, mwanga na kukorogwa mara kwa mara. Makosa yanayojirudia ni haya:

- Kuanza na mbegu iliyochotwa ziwani au kupewa na jirani, bila kuhakikiwa kwa hadubini.
- Kutumia mbolea ya shambani kama chakula chake. Mbolea hizo huweza kuwa na metali ambazo mwani utazifyonza.
- Kuacha pH ishuke. Hapo wageni huingia, na kwa macho maji hubaki kijani kilekile.
- Kukausha juu ya bati au turubai lililo wazi kwa vumbi, nzi na kuku.

Kwa anayelima kujifunza au kulisha samaki hakuna neno. Kumlisha mgonjwa wa saratani zao la ndoo lisilopimwa ni jambo jingine, na lisifanywe.

Wakati wa kuacha mara moja

Matumizi yasimame siku ileile yanapotokea haya: vipele au kuvimba midomo, kupumua kwa shida, kutapika au kuharisha kusikokoma, macho kuwa manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, maumivu chini ya mbavu za kulia, au viungo kuanza kuuma upya kwa mwenye ugonjwa wa kingamwili. Kupumua kwa shida na umanjano wa macho havisubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni vya hospitali siku hiyohiyo. Pakiti isitupwe. Iende na mgonjwa, unga uliobaki ukiwa ndani, kwa sababu namba ya toleo ndiyo itakayoiwezesha mamlaka kuufuata mzigo wote uliobaki madukani.